Jinsi ya Kupima Msimbo Unaojenga Ujumbe Ukiwa Unakimbia

Wengi wanaotumia Protocol Buffers, mfumo ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2008, hawana haja na mwongozo huu. Wanaandika faili lao la .proto, kompaila inawatengenezea klasi, wanaita set_mji, wanaendelea na mengine. Hapa nazungumza na anayekagua msimbo wa namna nyingine: programu ambayo, ilipoandikwa, haikujua itajaza ujumbe upi. Inaletewa njia na thamani, tuseme mteja.anwani.mji na "Tanga", kisha ikiwa tayari inakimbia inauhoji ujumbe wenyewe: una nyuga gani, za aina gani, na ndani yake mna nini tena? Wenye kazi huiita rifleksheni. Nitashika C++, kwa sababu huko uzembe hauna msamaha.

Kwanza uliza kama ilikuwa lazima. Ikiwa aina ya ujumbe inajulikana tangu mwanzo, rifleksheni ni maringo tu, tena maringo ya gharama: inakunyima toleo jepesi la maktaba ya Protocol Buffers, ambalo halina kabisa uwezo huo.

Ikiwa ilikuwa lazima, nenda moja kwa moja kwenye mstari unaoteremka kutoka ujumbe wa nje kwenda wa ndani. Hapo ndipo fundi na mbabaishaji wanapoachana. Kuna njia mbili za kuteremka. GetMessage hukupa ujumbe wa ndani usome tu; kama haujajazwa, unapewa ule wa chaguomsingi, ambao hauruhusiwi kuugusa. MutableMessage hukupa wa kuandikia. Kama haupo, unaumbwa palepale na kupachikwa kwa mzazi wake. Mbabaishaji hutumia hii ya pili kila mahali, kwa kuwa haimkatalii kamwe. Matokeo yake, anauliza tu kama mteja ana anwani, na kuanzia dakika hiyo mteja ana anwani: tupu, lakini ipo. Ni sawa na kumuuliza mtu kama anadaiwa dukani, na kwa kuuliza huko ukawa umemwandika kwenye daftari.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua ujumbe mtupu, ByteSizeLong yake, yaani ukubwa wake kwa baiti, ni 0. Upitishe kwenye kazi inayodai kusoma tu, kisha upime tena. Ukikuta 4, umeona kila kitu: baiti 2 za mteja mtupu, yaani lebo ya uga na urefu, na 2 za anwani tupu iliyomo ndani yake, ikiwa namba za nyuga hizo ni kati ya 1 na 15. Baiti 4 hazimfilisi mtu. Ila programu inayopokea, ikiwa inauliza HasField kabla ya kuchapa lebo ya mzigo, sasa inajibiwa ndiyo, na mzigo unaondoka na karatasi nyeupe.

Ugonjwa huohuo hujitokeza wakati wa kuandika. Njia imeandikwa mteja.anwani.mjii, herufi moja imezidi. Msimbo wa haraka unaumba mteja, unaumba anwani, unafika mwisho, FindFieldByName inarudisha nullptr, kosa linaripotiwa, na magofu mawili yanabaki kwenye ujumbe. Fundi hupita mara mbili. Mara ya kwanza anatembea juu ya deskripta peke yake, yaani maelezo ya muundo wa ujumbe, bila kuugusa ujumbe wenyewe: kila hatua ipo? Ya katikati ni ujumbe kweli? Thamani inageuzika kuwa aina inayotakiwa? Ndipo anaandika. Nikiuona mpangilio huo, mengine yote huyasoma kwa moyo mweupe.

Angalia pia nyuga zinazorudiwa, maana majaribio ya kawaida huziruka. Zikija njia mbili, bidhaa.jina na bidhaa.bei, msimbo unaoita AddMessage kila unapokutana na bidhaa utazaa bidhaa mbili: moja ina jina bila bei, nyingine bei bila jina. Hakuna kinacholalamika, ujumbe ni halali kabisa. Msimbo mzuri unadai namba ya kipengele ndani ya njia yenyewe, au unaeleza wazi kipengele kipya kinaanza lini. Kwenye oneof, kujaza uga mmoja kunafuta mwenzake kimyakimya. Anayejali hukataa orodha inayotaja zote mbili.

Aina za thamani upande wa C++ ni 10, na switch inayoandika thamani inapaswa kuzitaja zote. Ukiita SetInt32 kwenye uga wa maandishi, hupati kosa la kudaka, programu inakufa. HasField kwenye uga unaorudiwa nayo inaua vilevile, pale panatakiwa FieldSize.

Kuhusu umiliki, pointa iliyotoka MutableMessage ni mali ya mzazi, na delete yoyote karibu nayo inatosha kurudisha kazi kwa mwenyewe. Kwa jumbe zilizozaliwa na DynamicMessageFactory, fungua klasi usome mpangilio wa wanachama wake. C++ hubomoa kuanzia aliyetangazwa mwisho, kwa hiyo DescriptorPool itangulie, factory ifuate, jumbe ziwe za mwisho. Ukikuta vinginevyo, programu itafanya kazi siku nzima kisha ianguke wakati wa kuzimwa, na lawama zitaenda kwa mtu mwingine.

Kosa lenyewe linasemaje? "Uga haupo" ni jibu la kivivu. Deskripta ina full_name, basi itajwe: mjii haupo ndani ya duka.Anwani, hatua ya 3 ya njia.

Kasi huitazama mwisho, na huitazama mahali pamoja tu: FindFieldByName iliyo ndani ya kitanzi kinachozungushwa kwa kila safu ya data. Njia hazibadiliki kati ya safu na safu. Zitafutwe mara moja, FieldDescriptor zake zitunzwe kwenye vekta, na kitanzi kibaki na kazi ya kuandika thamani.