Mita 9 au Mita 21: Hesabu ya Kaiti Upepo Unapolegea

Mchezo wa kaiti uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na upepo ukakataa kuhudhuria. Mashindano ya matanga ya Paris yalifanyika Marseille, kusini mwa Ufaransa, mji unaojulikana kwa mistral, upepo mkali ushukao kutoka bara. Badala yake saa nyingi zilipita washindani wakisubiri tu, mbio zikaahirishwa, na fainali ya wanaume ikasogezwa hadi Agosti 9. Hatimaye Ellie Aldridge wa Uingereza alichukua dhahabu mbele ya Lauriane Nolot, Mfaransa aliyekuwa akicheza nyumbani. Kwa wanaume, Valentin Bontus wa Austria aliwashinda Toni Vodišek wa Slovenia na Max Maeder wa Singapore, kijana wa miaka 17.

Upepo ukiwa wa kusitasita namna ile, uamuzi mzito kuliko yote hufanyika nchi kavu: leo nirushe kaiti ya mita ngapi? Mtazamaji hudhani jibu liko wazi, upepo mdogo kaiti kubwa. Kuna ukweli hapo, lakini hautoshi kumfikisha mtu kwenye boya la pili.

Kaiti hizi si zile anazoziona mgeni wa Paje au Diani. Zile za ufukweni kwetu zina mrija mnene wa hewa kwenye ukingo wa mbele, hujazwa kwa pampu, na zikianguka majini huelea zikasubiri kurushwa tena. Ni uzao wa hataza ya ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ya mwaka 1984. Kaiti ya foili, ile ya mashindano, haina mrija huo. Ni kitambaa juu na kitambaa chini, katikati vyumba vingi vinavyojazwa na upepo wenyewe kupitia matundu ya mbele, kama parashuti ya kisasa, na umbo lote hushikiliwa na hatamu za nyuzi nyembamba. Kwa sababu ni nyembamba na ndefu, hupasua hewa kwa ukinzani mdogo kuliko ile ya mrija. Ubaya wake ni kwamba ikikaa majini kwa muda huanza kunywa maji, na siku ya upepo hafifu kuiinua tena ni kazi ya kukatisha tamaa.

Ukubwa hupimwa kwa mita za mraba, ingawa wenyewe husema mita tu: 9, 11, 15, 21. Mvuto wa kaiti huongezeka sambamba na eneo lake, lakini kwa upepo huongezeka kwa mraba: upepo ukizidi mara mbili, mvuto unazidi mara nne. Kwa kanuni hiyo pekee, anayetumia mita 21 kwenye upepo wa noti 8 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa) angetosheka na mita 5 na robo kwenye noti 16. Hakuna anayefanya hivyo, kwa kuwa kaiti haiujui upepo wa utabiri wa hali ya hewa. Inaujua upepo unaoikuta, yaani ule wa angani ukichanganyika na mwendo wa anayeiendesha.

Na mwendo huo si mdogo. Chini ya ubao wa mashindano kuna mlingoti wa kaboni wenye urefu wa mita moja na kitu, na mwishoni mwake bawa la majini linalouinua ubao mzima juu ya maji. Ukinzani wa maji ukipungua kiasi hicho, mtu hukimbia kuliko upepo wenyewe. Tufanye mfano. Upepo ni noti 8, mwendeshaji anabisha kwenda joshini kwa noti 18, nyuzi 50 kutoka upepo unakotokea. Ukiijumlisha mishale hiyo miwili, kaiti inakutwa na upepo wa karibu noti 24. Sasa azunguke boya la juu, ashuke na upepo kwa noti 20, nyuzi 130. Upepo unaoikuta kaiti unaanguka hadi noti 16. Na akiwa amesimama tu majini, akingoja kuanza, ana noti zile zile 8.

Ukiinua tarakimu hizo kwa mraba, jambo linajitokeza ambalo kwangu ndilo kiini cha mchezo huu. Kaiti ya mita 9 inayobisha joshini inavuta karibu sawa na kaiti ya mita 21 inayoshuka na upepo. Siku hiyo hiyo, bahari hiyo hiyo. Wakati wa kuanza, kaiti yoyote ile iliyotulia angani ina sehemu moja tu ya tisa ya mvuto itakaokuwa nao baada ya dakika moja. Kwa hiyo kila kaiti iliyochaguliwa ni kubwa mno mahali fulani na ndogo mno mahali pengine, na mbio zikishaanza hakuna kubadilisha.

Kweli, mahitaji ya pande hizo mbili hayalingani. Kwenda joshini kunahitaji mvuto mkubwa wa ubavu, kushuka kunahitaji mdogo zaidi. Lakini kuna kitu kisichosamehe: bawa la majini lina mwendo wake wa chini kabisa, na ukipungua hapo ubao unatua, maji yanaushika, na kuunyanyua tena unahitaji mvuto ambao huna. Hapo ndipo mita 21 hulipa gharama yake. Si kwa kukimbiza watu, maana joshini humzidi nguvu mwendeshaji hadi alegeze mpini kupunguza mvuto. Kazi yake ni kumvusha sekunde 10 za upepo uliokufa ghafla katikati ya kugeuza.

Ila gharama yenyewe ni kubwa. Tuchukue kaiti zenye umbo moja, upana mara 9 ya kina chake. Ya mita 9 ikinyooshwa ina upana wa mita 9 na kina cha mita 1. Ya mita 21 ina upana wa karibu mita 13.7 na kina cha mita 1.5. Kitambaa kimeongezeka zaidi kidogo ya mara mbili. Hewa iliyofungiwa ndani, hata hivyo, huongezeka kwa kasi nyingine, kwa sababu unene nao umekua. Nikichukua unene wa wastani wa asilimia 11 ya kina, kaiti ndogo ina mita moja ya ujazo ya hewa, kubwa ina tatu na nusu. Hewa ina uzito: kilo 1.2 kwa ndogo, zaidi ya kilo 4 kwa kubwa. Uzito huo hauiangushi kaiti, maana imezungukwa na hewa ile ile, lakini kila unapoigeuza unaigeuza na mzigo huo wote.

Hapo pana dhihaka ya aina yake. Upepo ukilegea, njia ya kupata mvuto wa ziada ni kuichezesha kaiti, kuipandisha na kuishusha ili ijitengenezee upepo wake. Kaiti inayohitaji kuchezeshwa zaidi ndiyo inayogeuka polepole zaidi. Mwendeshaji akiivuta kwa papara, anaishika breki na inarudi nyuma ikidondoka. Akiilegeza mno, inamtangulia, pua inajikunja, ncha za mabawa zinazongwa na hatamu. Ya mita 9 ingefufuka kabla hajashtuka. Ya mita 21 humpa muda wa kutosha kujionea mwenyewe mbio zikimponyoka.

Ndogo nayo ina kasoro isiyotajwa sana. Kamba na hatamu zake hazipungui unene kwa kadiri kitambaa kinavyopungua, wala kifua cha mwendeshaji hakipungui. Kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya ukinzani wake ni nyuzi na mwili wa mtu. Katika noti 25 hilo halimsumbui yeyote. Katika noti 10 ni sababu nyingine ya kuiacha mfukoni.

Kwa anayenunua, lililo muhimu ni pengo kati ya kaiti moja na nyingine. Watu hupenda ngazi sawa za mita mbili mbili, na wauzaji hawawakatazi. Kutoka 9 kwenda 11 ni ongezeko la asilimia 22, lakini kutoka 19 kwenda 21 ni asilimia 10 na nusu, na ukigeuza kuwa noti za upepo tofauti hiyo ni kama asilimia 5. Hiyo ni chini ya nusu noti kwenye upepo wa noti 8, kitu ambacho wingu moja hukibadilisha. Ngazi ya 9, 15 na 21 ina mantiki kuliko 17, 19 na 21.

Kwa pwani yetu ningeenda mbali zaidi na kusema mita 21 si ya kuanzia. Kaskazi na kusi zikishika vizuri, Paje haina upungufu wa upepo, ina upungufu wa kina: maji yakitoka, mlingoti wa mita moja hukutana na mchanga au matumbawe mapema kuliko utakavyo. Kaiti kubwa ya foili ina nafasi yake majira ya tanga mbili, asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Msimu ukiwa umeshika, ya mita 10 hivi ya foili itafanya kazi ya ile ya mrija iliyo kubwa kidogo kuliko yenyewe.

Kisha kuna mizani. Jedwali la mtengenezaji hutaja uzito wa mtu kwa sababu nzuri. Kwa kipimo cha mvuto kwa kila kilo ya mwili, mita 15 kwa mtu wa kilo 65 ni sawa na mita 21 kwa mtu wa kilo 90, na yule mwepesi anapata juu yake kaiti inayogeuka haraka. Upepo ukifika noti 20 mambo yanapinduka: mzito anaweza kuushikilia mvuto ambao mwepesi lazima aumwage, na joshini anamwacha nyuma. Ndiyo maana maandalizi ya mashindano huanzia kwenye kumbukumbu za upepo wa mahali husika, yakapitia jikoni, na kaiti ikachaguliwa mwisho.