Wali wa Siku Isiyo na Mgeni

Handeni, nilikokulia, harufu ya wali ilikuwa habari. Ikitoka jikoni kwa bibi, sisi watoto tulijua bila kuambiwa kwamba kuna mtu ameshuka kwenye basi, au kesho ni Idi, au wamekuja watu wa posa. Siku nyingine zote tulikula ugali, tukashiba, tukashukuru. Wali ulitaka sababu. Ndiyo maana hakuna aliyehangaika kutufafanulia methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone": tulikuwa tunaiona sahanini.

Sasa naishi Coimbra, mji wa katikati ya Ureno uliopanda kilima kando ya mto Mondego, na nimeolewa katika nyumba ambayo wali hupikwa Jumanne. Hupikwa na Jumatano. Hakuna aliyeshuka kwenye basi. Kuna mume aliyetoka kazini, watoto wawili wanaogombea kalamu, na mvua inayopiga dirisha. Miaka ya mwanzo jambo hilo lilinitia wasiwasi, kana kwamba tunaila sikukuu kabla ya siku yake. Aliyeniondolea wasiwasi huo ni mama mkwe wangu, na hakutumia hotuba. Alinisimamisha karibu na jiko, nikatazama anavyopika.

Wareno ni walaji wa wali. Hakuna taifa jingine la Ulaya linalowafikia: kwa wastani mtu mmoja hula zaidi ya kilo 15 za mchele kwa mwaka. Na mpunga wanaulima wenyewe, katika mabonde ya Sado, Tejo na huu Mondego wetu. Ukitoka Coimbra kwenda baharini, Figueira da Foz, unapita mashamba tambarare yaliyolala chini ya ngome ya kale ya Montemor-o-Velho. Mwezi Mei yamejaa maji, yanameta kama bati jipya. Ikifika mwisho wa Septemba mpunga umeshapiga manjano, korongo wanatembea taratibu kwenye tope, na mama mkwe anauliza sokoni kama mchele mpya umeshaingia.

Mchele wa bonde hili huitwa carolino. Punje yake ni nene na fupi kidogo kuliko ya mchele tuliouzoea sisi, na kipaji chake ni kunywa: chochote kilichomo sufuriani, awe samaki, nyanya au maharage, punje hukifyonza mpaka ladha ikakaa ndani. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulililinda jina la carolino wa Baixo Mondego, mchele wa kwingine usiuzwe kwa jina hilo. Ndugu yake ni agulha, maana yake sindano, mwembamba, mrefu, unaochambuka punje kwa punje. Kwetu tunasema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mama mkwe huanzia nyuma zaidi: kwanza jiulize wataka kupika nini, ndipo unyooshe mkono kabatini kuchagua mchele.

Kisha huunga. Neno lao ni refogado, na kwa muda mrefu nilidhani ni siri ya Kireno, hadi nilipotambua kwamba ni kuunga kule kule tunakounga maharage, ila hapa kinachoungwa ni wali. Sufuria pana yenye mikono miwili huwekwa motoni, moto mdogo. Mafuta ya zeituni yanamiminwa kwa mzunguko mmoja, kitunguu kilichokatwakatwa kinaingia, kitunguu saumu kinafuata nyuma kwa sababu huungua upesi, na jani moja kavu la louro. Hakuna bizari, hakuna iliki, hakuna mdalasini. Mara ya kwanza niliona umaskini hapo. Pilau ya bibi ilikuwa na mambo kumi. Hii, ukiacha mafuta, ina matatu.

Lakini ukiwa na vitu vitatu tu, huna pa kujificha. Kitunguu kikiungua kidogo, sufuria nzima itakuwa chungu, wala hakuna karafuu itakayokufichia. Kikitolewa kabla hakijalainika, wali utanuka kitunguu kibichi hadi mwisho. Mama mkwe hasimamii kazi hii kwa saa, hutega sikio. Kitunguu kikiwa na maji hulia kwa kishindo, maji yakipungua sauti inashuka, na mwishowe kinanong'ona. Hapo kimeng'aa, hakijageuka rangi, na harufu yake imekuwa tamu. Hiyo ndiyo saa ya mchele.

Mchele wenyewe haukuoshwa. Hilo lilinigusa pabaya, maana mimi nimelelewa na ungo mapajani: kupepeta, kuchagua mawe na chuya, kisha kuosha mara tatu hadi maji yawe meupe kama ya kisima. Nilimwambia, "Mama, hujauosha." Akachota punje chache akanipaka ungaunga wake kwenye kidole. Wanga ule ndio unaofanya mchuzi uwe mzito. Ukiumwaga kwenye sinki, umemwaga nusu ya pishi. Kwa agulha, anapotaka wali uliochambuka, huosha bila ubishi. Anachokataa ni kuosha kwa mazoea, bila kujua unaondoa nini.

Punje zinageuzwa katika mafuta dakika moja au mbili, hadi kila moja iwe imevishwa na kuanza kuangaza pembeni. Mafuta hayo huzizuia zisishikane haraka. Maji yanaingia yakiwa tayari yanachemka, kwani ya baridi yangeukata moto na kuziacha punje zikilowa badala ya kuiva. Kwa agulha, kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, chumvi, mfuniko, moto wa chini kabisa, na mikono mifukoni. Kwa carolino, vikombe vitatu au zaidi, na mwiko unapita mara mojamoja.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo gumu kuliko yote. Huo wali wa carolino huitwa malandrinho, yaani katundu, kwa sababu haukai mahali pamoja: ukiupakua unatambaa sahanini. Kwetu wali wa namna hiyo una jina, mashendea, nao hupikiwa mgonjwa au mtoto asiye na meno. Bi harusi anayetoa mashendea siku ya kwanza huzungumzwa hadi mtaa wa pili. Niliuangalia ule wa nyanya, mwekundu, ukielea katika mchuzi wake, kando yake samaki wadogo wa kukaanga wanaoitwa carapaus, nikaona aibu kwa niaba ya mpishi. Kisha nikaonja. Punje ilikuwa imeiva nje na bado ina kiini kidogo cha kutafunwa. Nyanya za Agosti zilikuwa zimeingia mpaka ndani. Mashendea ni wali uliozidiwa na maji. Huu ulikuwa umeyatawala maji hayo, lakini kwa dakika chache tu. Ukiuacha robo saa utayanywa yote na kuvimba.

Ndiyo maana malandrinho haufai kwa mgeni wa heshima anayechelewa. Hauwezi kufunikwa, kupaliwa makaa juu na kusubiri mpaka hotuba ziishe. Unahitaji watu waliokwisha nawa, wamekaa, na kijiko kimo mkononi. Ni chakula cha walio karibu. Mama mkwe akizima jiko huita majina mara moja, kwa sauti ya juu, na katika nyumba hiyo hakuna anayeitikia "nakuja". Watu huja.

Sufuria hutua katikati ya meza, na mimi hufurahi kimoyomoyo kila mara kwa sababu ya maneno yaliyopo pale. Meza ni neno tulilopewa na Wareno, tangu zama walipotia nanga katika bandari za pwani yetu. Nao arroz na azeite, wali na mafuta yao, waliyapokea kwa Waarabu waliotawala sehemu kubwa ya nchi yao kwa karne nyingi, na zeituni yetu imetoka katika shina hilo hilo la azeite. Watoto wangu wanakula juu ya neno la baba yao lililokaa miaka mingi katika lugha ya mama yao.

Sijaacha kuuheshimu wali wa mgeni. Pilau ya bibi ilikuwa tangazo la upendo kwa mtu aliyetoka mbali, na kila Idi naipika hapa hapa Coimbra, na jirani wa juu hushuka kuuliza ni harufu gani. Lakini nimejifunza kwamba watu wa nyumbani nao wamesafiri. Mume amevuka siku nzima, watoto wamevuka shule, nami nimevuka baridi. Kusimama dakika kumi juu ya kitunguu kwa ajili ya watu ambao wangekula chochote, hiyo ndiyo taadhima ninayoisifu. Mgeni huona adabu yako siku mbili tatu. Wa nyumbani huila maisha yao yote.

Majira ya baridi yaliyopita mama yangu alipiga simu ya video kutoka Handeni nikiwa jikoni. Nilimwamkia, nikaiegemeza simu kwenye mtungi wa chumvi, nikafunua sufuria. Mvuke ukaifunika kamera. Akauliza, kama ambavyo angeuliza mtu yeyote wa kwetu:

"Kuna ugeni?"

"Hapana, mama. Ni sisi tu."

Alikaa kimya kidogo, akitazama mvuke ukiondoka.

"Basi wapakulie," akasema, "ungali wa moto."