Saa, Majira na Likizo: Tathmini ya Hoja ya Muda katika Azimio la Arusha

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, husomwa zaidi kama waraka wa itikadi. Hata hivyo, sehemu yake inayohusu juhudi ina sifa zote za hotuba ya kushawishi, na inachoshawishi ni matumizi ya muda. Mwalimu Nyerere anaanza na hesabu: mfanyakazi wa mjini hufanya kazi saa 45 hivi kwa wiki, nazo ni chache kwa nchi maskini. Mwanamke wa kijijini hufikisha saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Mwanamume wa kijijini, kwa upande wake, yumo likizoni nusu ya maisha yake.

Mvuto wa hoja hii umo katika neno likizo. Ni neno la ofisini: likizo hutolewa na mwajiri, ina tarehe, na aghalabu ina malipo. Kumbandika mkulima neno hilo ni kumpima kwa kipimo cha mtu mwingine. Msikilizaji hucheka, na akishacheka amekwisha kukubali. Ikitazamwa kutokea Isaka, wilayani Kahama, hoja hiyo huonyesha ufa upesi. Huko mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ndiyo ya kuuza pamba, kujenga, na kuswaga ng'ombe kutafuta maji. Ngoma nayo, ambayo Azimio linaiweka pamoja na porojo na ulevi miongoni mwa mambo yanayopoteza nguvu za wanakijiji, ina sura nyingine kwa Wasukuma. Katika bugobogobo mchezaji hucheza na jembe mkononi, na mdundo wa ngoma ndio uliopanga mapigo ya majembe shambani. Saa hiyo ihesabiwe upande gani, wa kazi au wa upotevu?

Udhaifu mkubwa zaidi hauhitaji ushahidi wa Isaka, kwani umo ndani ya matini yenyewe. Kama wingi wa saa ungeleta neema, mwanamke wa saa 14 angekuwa tajiri kuliko karani wa mjini. Azimio linakiri kwamba anawazidi wote kwa kazi, lakini sifa hiyo inatumika kuwaaibisha wanaume, si kueleza kwa nini yeye bado ni maskini.

Kinachoiokoa hoja ni maelezo ya maarifa yanayofuata: jembe kubwa badala ya dogo, plau ya kukokotwa na ng'ombe, mbegu bora, na kujua wakati wa kupanda na wa kupalilia. Hapa kipimo kimebadilika kimyakimya, kutoka saa kwenda majira. Aliyechelewa kupanda hawezi kufidia kwa kulima hadi usiku mwezi Machi. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja yenye nguvu, na inasikitisha kwamba majukwaa ya baadaye yameishika zaidi ile ya kwanza. Kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu" ya mwaka 2015 haikuyaachia maarifa hata neno moja.

Isaka ina pia bandari kavu, iliyokusudiwa kupokea mizigo ya reli kutoka Dar es Salaam na kuihamishia malorini kwenda Rwanda na Burundi. Dereva anayesubiri behewa au karatasi za forodha hukaa kivulini akipiga soga. Kwa kipimo cha saa, naye yumo likizoni. Azimio halina msamiati wa muda wa namna hii, ambao mtu huutumikia bila kuumiliki.