Kurasa na Ndiva

Wanaoisifu kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1962, husifu werevu wake, na wana haki. Kumbukumbu yake ya ndani ilibeba maneno 16,384 tu. Nyuma yake ilikuwapo ngoma ya sumaku yenye nafasi mara sita, lakini ya polepole. Kazi iligawanywa katika kurasa za maneno 512. Ukurasa uliotakiwa ukiwa nje, mashine yenyewe iliuleta ndani na kutoa mwingine. Mwandishi wa programu alijiona ana nafasi tele.

Sifa zangu mimi nazipeleka kwingine. Nilikulia Upareni, milimani juu ya Same, ambako maji ya kijito hukusanywa usiku katika ndiva na kufunguliwa mchana kwa zamu. Mwaka mmoja wa ukame, kwa kuoneana haya, watu walifungulia mifereji yote kwa pamoja. Maji yakanywewa na udongo njiani. Hakuna shamba lililolowa, na mahindi ya bibi yalikauka ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Kompyuta zilizoifuata Atlas ziliugua maradhi hayo hayo. Programu zikiruhusiwa nyingi mno, mashine hushinda ikileta na kutoa kurasa, kazi yenyewe haisogei. Tiba aliieleza Mmarekani Peter Denning mwaka 1968: kila programu ipewe kurasa zote inazozitumia kwa wakati ule, au ingoje nje. Jambo dogo, wala halina fahari ya Atlas. Lakini ndilo ningelianza nalo kulisimulia.

Msimu uliofuata bibi alipangiwa zamu ya mwisho. Alinung'unika sana, akangoja.