Lenzi Ndogo ya Fokasi ya Mkono: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Ukipewa lenzi ya fokasi ya mkono dukani, usianze kwa kuchungulia vioo. Zungusha pete. Pete nzuri husogea mara tu kidole kinapoigusa, bila kunata mwanzoni na bila kurukaruka njiani, na uzito wake ni uleule toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Ukiirudisha upande wa pili inaitika papo hapo. Hakuna mahali ambapo kidole kimekwenda lakini vioo vimebaki vilipokuwa. Ikifika mwisho inagonga na kusimama. Lenzi iliyoshindwa hapa haiokolewi na jina lililochongwa mbele yake, wala na bei.

Nimeanza na pete kwa sababu mjadala wa kama makampuni makubwa ya kamera yazirudishe lenzi hizi ndogo huendeshwa kana kwamba ni mapenzi ya vitu vya kale tu. Mimi nasema yazirudishe, na hoja yangu yote imo kwenye pete. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera yake ya 7000, na otofokasi ikawa jambo la kawaida. Tangu hapo kazi ya kusogeza vioo ikawa ya mota, na mota ndogo hutaka mzigo mwepesi na safari fupi. Pete ikalegezwa, ikafupishwa, na katika lenzi nyingi za leo imetenganishwa kabisa na vioo: ukiizungusha unapeleka taarifa tu kwenye saketi, nayo ndiyo inayoamua vioo visogee kiasi gani. Katika nyingi ya hizo, ukizungusha haraka fokasi hukimbia, ukizungusha taratibu hutambaa, hata kama kidole kimetembea umbali uleule. Mkono haujifunzi chochote kwa chombo cha namna hiyo.

Ndani ya lenzi ya mkono iliyotengenezwa vizuri mna mabomba mawili yenye hesi pana, moja likipanda ndani ya jingine. Mafundi wa zamani walipenda kuoanisha shaba na alumini, kwa kuwa alumini ikisuguana na alumini hukwaruzana na mwishowe hukwama. Kati ya mabomba hayo hupakwa grisi, na grisi ndiyo nusu ya raha unayoisikia mkononi. Ikikauka, pete inakuwa nzito na yenye mikwaruzo. Ikilainika kwa joto, mafuta yake hutambaa hadi kwenye visu vya tundu la mwanga na kuvifanya vinate. Kwa hiyo shika pua ya lenzi kwa vidole viwili, ivute na kuisukuma, kisha itikise karibu na sikio. Mchezo wowote kati ya mabomba utauona baadaye kwenye picha, upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia.

Halafu pima safari ya pete. Kwa lenzi ya 28mm au 35mm ya kutembea nayo mitaani, robo mzunguko, yaani nyuzi 90 hivi, inatosha: unatoka karibu hadi mbali bila kubadilisha mshiko. Kwa 50mm ya f/2 napenda iwe zaidi ya hapo, hata nusu mzunguko, maana ukipiga uso wa mtu kwa karibu tundu likiwa wazi, tofauti ya kope na sikio ni sentimita chache tu na kidole kinahitaji nafasi ya kuzitafuta. Baadhi ya lenzi za Leica na Voigtländer zina kishikio kidogo cha kidole chini ya pete. Anayekidharau hajakitumia. Kikiwa kimeelekea chini uko kwenye mita moja na kitu, kikienda pembeni kabisa uko mbali, na mkono unayajua hayo kamera ikiwa bado kifuani.

Namba za umbali ndizo zinazoonyesha kama mtengenezaji alikusudia lenzi itumike au iuzike. Zitafute juu ya pete, zimechongwa na kujazwa rangi, si kuchapwa juu juu zikafutika kwa jasho. Kando yake pawe na mistari ya kina cha ukali. Nikkor za zamani, yaani lenzi za Nikon, zilikuwa na mistari ya rangi, kila tundu na rangi yake. Chukua lenzi ya 28mm, funga tundu hadi f/8, weka pete kwenye mita 3.3. Kwa kipimo cha ukali kilichozoeleka enzi za filamu ya 35mm, kila kitu kuanzia mita 1.7 hadi upeo wa macho kitakuwa kikali vya kutosha. Sensa za leo zinaona zaidi ya filamu, kwa hiyo mimi husoma mistari ya f/5.6 huku nikipiga kwa f/8. Hata kwa ukali huo, mtu aliyesimama Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, watu wakipishana mbele yake na mikokoteni ikipita, hana haja ya kufokasi tena. Anaangalia tu. Otofokasi ya kasi kuliko zote lazima kwanza ichague kitu, na katika msongamano ule mara nyingi huchagua bega la mpita njia. Hapa lenzi ya mkono inashinda kwa kasi, na ni ushindi ambao wauzaji hawautaji.

Pale pete inapogonga pia pana mtihani wake. Elekeza lenzi kwenye mnara wa mbali, zungusha hadi mwisho, kuza picha kwenye skrini. Ukali uwe palepale pete iliposimama. Lenzi nyingi za bei rahisi hupitiliza, ukali unafika kabla ya mwisho na baada ya hapo mnara unafifia tena. Katika lenzi ndefu sana nafasi ya ziada ina sababu yake, kwa kuwa chuma hutanuka kwa joto. Katika lenzi fupi ni uvivu wa kiwandani.

Sasa udogo. Bingwa wake, kwangu mimi, ni Yoshihisa Maitani wa Olympus. Kamera yake ilitoka 1972 kwa jina la M-1, ikabadilishwa kuwa OM-1 baada ya Leica kulalamika, na lenzi zake za Zuiko zilibuniwa kama ukoo mmoja: toka 28mm hadi 100mm ya f/2.8, nyingi zilitumia kichujio kilekile cha 49mm. Pentax nao walitoa M 40mm f/2.8 mwaka 1976, yenye unene wa milimita 18. Nikon walirudia wazo hilo 2001 kwa Nikkor 45mm f/2.8P, iliyojengwa kwa mpangilio wa Tessar, vioo vinne tu, ambao Paul Rudolph wa Zeiss aliubuni 1902. Hakuna uchawi hapo. Waliridhika na tundu la kiasi. Kila ukitaka tundu kubwa zaidi, kioo cha mbele kinapanuka, makosa ya mwanga yanaongezeka, na vioo vya kuyasahihisha vinaongezwa hadi lenzi inakuwa nzito kama tofali. Zamani f/1.4 ilikuwa na utetezi, kwa kuwa filamu ya kasi ilikuwa na chenga nyingi. Sensa za leo zinapiga usiku kwa namba ambazo mpigapicha wa 1972 asingeziamini, kwa hiyo f/2.8 nzuri imekuwa na thamani kuliko ilivyopata kuwa. Ndogo ya f/1.2 huwa na ila iliyofichwa mahali. Itafute kwenye pembe za picha.

Mtu atauliza: si lenzi za zamani zipo tele kwenye mitumba, mtu anunue adapta? Zipo, na baadhi ni nzuri mno. Lakini hesabu ya udogo inaharibika. Lenzi ya OM ilitengenezwa ikae milimita 46 kutoka kwenye filamu, kwa sababu katikati palikuwa na kioo cha kupanda na kushuka. Kamera za Sony za E, ambazo hazina kioo hicho, zina milimita 18. Tofauti ya 28 inajazwa na bomba tupu, na Zuiko iliyokuwa ndogo inakuwa ndefu. Lenzi za Leica M, zilizobuniwa kwa milimita 27.8, hutaka adapta nyembamba, ila nazo zina tatizo. Mbele ya sensa pana tabaka la kioo ambalo filamu haikuwa nalo, na katika kamera nyingi ni nene kuliko lile Leica waliloweka kwenye zao. Mwanga unaotoka lenzi pana fupi huingia pembeni kwa mlalo mkali, unapita kwenye tabaka hilo na kupinda, na pembe za picha zinapakazika. Ndiyo maana Zeiss walipotoa Loxia 35mm na 50mm za f/2 kwa ajili ya Sony mwaka 2014, waliyarekebisha mahesabu ya vioo badala ya kubadilisha tu sehemu ya kufungia. Kazi hii inamhitaji anayeijua sensa tangu ndani, na wa kwanza kuijua ni aliyeitengeneza kamera.

Loxia na lenzi za Voigtländer za E zina jambo jingine ambalo adapta ya kawaida haitoi: vituo vya umeme. Pete ya fokasi inabaki chuma kwa chuma, lakini ukiigusa kamera inakuza picha yenyewe, inaandika urefu wa lenzi na tundu kwenye faili, na kidhibiti cha mtikisiko kinajua kinatuliza nini. Sioni sababu ya mtu anayependa fokasi ya mkono kuvikataa.

Kinachoniudhi ni nusu-marejeo. Nikon walitoa Z 28mm f/2.8 na 40mm f/2 zenye sura ya miaka ya 1980, kwa jina la SE. Zina picha nzuri na wepesi wa kupendeza, lakini pete ni ya umeme, namba za umbali hazipo, na pete ya tundu hakuna. Sony walikwenda mbele kidogo mwaka 2021: 24mm, 40mm na 50mm za G ni ndogo, za chuma, zina pete halisi ya tundu inayobofya, ila fokasi ikabaki ya saketi. Walishaujua udogo. Kilichobaki ni mabomba mawili na grisi.

Baada ya pete, ndipo vioo. Mtihani wa kwanza ni ulinganifu. Fungua tundu kabisa, weka jengo la mbali kwenye pembe moja ya fremu, fokasi, piga. Rudia kwa pembe zote nne. Pembe zote zikififia kidogo kwa usawa, huo ni mpaka wa muundo na unaweza kuishi nao. Moja ikififia kuliko tatu, vioo vimekaa upande, irudishe. Usiku tafuta taa za mbali pembeni mwa picha: zikiota mabawa kama ya popo, punguza tundu hatua mbili uone kama yanatoweka. Mpige mtu aliyevaa kanzu nyeupe akiwa amesimama mbele ya kivuli kizito, uangalie kama ukingo wa kanzu unageuka zambarau. Weka jua nje kidogo ya fremu, utazame weusi; ukigeuka kijivu picha nzima, mipako ya vioo ni dhaifu.

Lenzi nyingine huhamisha ukali nyuma kila ukifunga tundu. C Sonnar 50mm f/1.5 ya Zeiss inajulikana kwa hilo, na bado wapo wanaoipenda kupita zote. Kwenye kamera isiyo na kioo dawa yake ni kufokasi kwa tundu lilelile utakalopigia.

Anayenunua mitumba katika miji yetu ya pwani aje na tochi. Fungua tundu, angaza toka nyuma, tazama kwa mshazari. Nyuzinyuzi kama mizizi ni fangasi, na unyevu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huwalisha vizuri. Wakiwa wachanga fundi anawafuta. Wakishakula mipako, hata kioo kikisafishwa alama hubaki. Wingu jepesi lililotanda ndani ni baya kuliko linavyoonekana, linaua weusi wa picha yote. Vumbi kidogo lisikutishe.

Sidai kwamba lenzi hizi ziwafae wote. Mpiga picha za harusi anayemfuata bibi harusi ukumbini, au wa mpira uwanjani, abaki na otofokasi yake. Ila kwa mitaa, mandhari, majengo na nyuso zilizotulia, chombo hiki kina nafasi, na soko lake si la kufikirika: Cosina wa Japani, kampuni ndogo ikilinganishwa na Canon au Sony, imekuwa ikitengeneza lenzi za mkono kwa jina la Voigtländer tangu 1999 na haijaacha. Nyuma yake wamefuata Wachina, TTArtisan na 7Artisans wakiwemo, kwa bei ambazo kijana anaweza kuzifikia, ingawa ulinganifu wa vioo hutofautiana toka nakala hadi nakala na ule mtihani wa pembe nne usiukwepe.

Ninachotaka kwa makampuni makubwa ni kidogo: 28mm f/2.8, 40mm f/2 na 90mm f/2.8, kichujio kimoja kwa zote tatu, namba zilizochongwa, vituo vya umeme, na mwisho unaogonga penye ukali wa mbali. Tena zifungwe kwa skrubu za kawaida badala ya gundi, na mwongozo wa kuzifungua upatikane kwa fundi yeyote. Mota ya otofokasi ikifa, lenzi husubiri kipuri cha kampuni, na huku kwetu kipuri hicho mara nyingi hakifiki. Lenzi ya mkono ikikauka grisi, fundi anaifungua, anaisafisha, anapaka nyingine, anarekebisha mwisho wake, na mwenyewe anaichukua.