Chokaa Mdomoni: Jinsi Tangi la Ibra Lilivyoondolewa Anemoni

Kumkwangua anemoni kwa kisu ni kumpanda. Wengi wenye matangi ya matumbawe huanzia hapo, na mwenye tangi hili la Ibra, mji wa bara nchini Oman, hakuwa tofauti. Aliona vijimaua vichache vya kahawia juu ya jiwe, akavikwangua, akanawa mikono. Haikupita muda, jiwe zima likaota.

Siri iko kwenye unyayo. Vijimaua hivyo ni Aiptasia, anemoni mdogo mwenye shina jembamba na minyiri mirefu. Anapojikokota juu ya jiwe huacha nyuma vipande vya nyama ya unyayo, na kila kipande huweza kukua kuwa mnyama kamili. Kisu kinamfupishia kazi tu. Rangi yake ya kahawia ni ya mwani wa seli moja unaoishi mwilini mwake na kumlisha kwa nguvu ya mwanga, kama ulivyo mwani wa matumbawe. Kwa hiyo kila unachomwandalia tumbawe, taa kali, joto la nyuzi 25 hadi 27, chumvi ya gramu 35 hivi kwa kilo ya maji, kinamnenepesha na yeye. Kufanana huko ndiko kulikowavutia wanasayansi: mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha KAUST, kilichoko Thuwal, Saudi Arabia, walichapisha jenomu yake, kwa kuwa ni rahisi kumfuga na anasaidia kuyaelewa matumbawe. Thuwal wanamlea, Ibra wanamlaani.

Kilichofanya kazi ni chokaa. Ni hidroksidi ya kalisi, ile wanayoijua watafuna tambuu, ila inatakiwa iwe safi ya daraja la chakula. Ya kupakia kuta iache dukani. Ilikorogwa na maji kidogo hadi ikawa uji mzito, ikavutwa kwa bomba la sindano, na pampu zote zikazimwa ili uji usipeperuke ukaangukia matumbawe. Baada ya hapo ni utulivu wa mkono. Anemoni akishtuka hujivuta ndani ya tundu la jiwe, na hapo huna la kufanya hadi atoke tena. Ncha ikasogezwa taratibu hadi juu ya mdomo, uji ukadondoshwa kidogo, yeye akaupokea kama chakula. Alipoanza kunywea, ukaongezwa hadi tundu likazibika na unyayo ukafunikwa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito: ukiunguza minyiri ukaacha unyayo, umempogoa tu.

Wapo wanaodunga maji ya limau au siki, na mnyama hufa kweli. Mimi sipendi njia hiyo. Sindano lazima itoboe mwili unaojikunja, na ikikosea inachana, tukarudi kwenye habari ya kisu.

Chokaa nayo ina madhara yake. Maji yaliyokolea chokaa hufikia pH ya 12 na zaidi, wakati tangi linatakiwa libaki karibu na 8.2. Ndiyo sababu walishughulikiwa wachache kwa siku, pH ikipimwa kila mara. Na Ibra ina tatizo ambalo mtu wa Sur, mji wa pwani wenye upepo wa bahari, halioni sana: kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Kuzima pampu muda mrefu ni kuwabana samaki pumzi. Kazi ilifanywa asubuhi, kiyoyozi kikiwaka, na pampu zikarudishwa upesi. Maji yaliyokauka yalifidiwa kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Maji ya falaj, mfereji wa jadi wa Oman, hayafai hapo. Yana madini yake.

Chakula cha samaki pia kilipunguzwa, kwa sababu mabaki ndiyo karamu ya anemoni. Nadhani hatua hii ilisaidia kuliko wengi wanavyokubali.

Waliojificha nyuma ya mawe waliachiwa Berghia, konokono wa bahari asiye na kombe, ambaye hali kitu kingine isipokuwa Aiptasia. Hutoka usiku, na samaki wenye tabia ya kudonoadonoa humla. Samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, husifiwa sana kwa kumla Aiptasia, lakini wengi wao hukataa chakula cha tangini wakafa njaa. Berghia naye, Aiptasia wakiisha, lazima ahamishiwe tangi lingine lenye anemoni hao, la sivyo atawafuata.

Konokono huyo hana msaada kwa anemoni mwingine msumbufu, Anemonia manjano, ambaye Oskar Carlgren alimpa jina mwaka 1900 kutokana na mkusanyiko wa Franz Stuhlmann wa Afrika Mashariki wa 1888 na 1889. Kwa huyo ni chokaa tena, mmoja mmoja. Jiwe likiwa limejaa kupita kiasi hutolewa nje likakaushwa juani, kazi ambayo Ibra haichukui muda, kisha hulowekwa kwenye ndoo hadi kilichokufa kimalize kuoza, ndipo lirudi tangini.