Sikio la Mtazamaji wa Bariadi: Kiswahili Katika Filamu za Karibuni

Wahakiki wa filamu za Kiswahili wamezoea kuuliza maswali ya jicho: picha ni safi au chafu, taa zimewekwa vyema au vibaya, wachezaji wanajua kusimama mbele ya kamera au hawajui. Maswali hayo ni ya haki. Lakini kwa wachunguzi wa lugha liko swali jingine ambalo halijapewa nafasi yake, nalo ni swali la sikio. Je, Kiswahili kinenwacho katika filamu ni cha nani, na msikilizaji aliye mbali na pwani hujitambua ndani yake au hujiona mgeni? Makala hii yazipima kwa swali hilo filamu nne zilizotolewa kati ya mwaka 2017 na 2021, nayo yamweka katika kiti cha hakimu mtazamaji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Bariadi haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa wilaya zilizokuwa za Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka, na wafugaji wa ng'ombe. Kiswahili kwao ni lugha ya shule, ya baraza, ya mnada na ya ibada. Kwa wengi wao hakikuwa lugha ya bembelezo la kwanza. Kisukuma kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Kisukuma huyatenga maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo Kiswahili hakilifanyi. Sauti za dh, th na gh, ambazo pwani ilizipokea kwa Waarabu, hazimo katika Kisukuma. Basi Msukuma anenapo Kiswahili huja na mwendo wake wa sauti, kama Mzaramo, Mchaga na Mhaya wanavyokuja na wao.

Tena Bariadi si mji wa majumba makubwa ya sinema. Mtazamaji wake huiona filamu mpya katika ukumbi kamili endapo safari imemfikisha Dar es Salaam. Ama sivyo huingoja nyumbani, kwenye kibanda cha video, televisheni au simu. Mtu aliyezoea njia hizi zote mbili ana faida ambayo mwenyeji wa jiji hana. Ukumbini huona watu wakinyamaza kwa adabu hata filamu ikiwachosha. Kibandani huona watu wakijibu, wakicheka, wakimkemea mchezaji, na wakiinuka kwenda zao.

Wala isidhaniwe kuwa hakimu huyu ni mbichi katika kazi ya kupima sanaa. Usukuma una desturi ya kale ya mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, ambayo hufanyika hasa baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, na watu huenda wanakovutwa. Kikundi kilichokusanya umati ndicho kilichoshinda. Manju hushindana kwa hila za macho, kwa mavazi na hata kwa nyoka; lakini wimbo usiposhikika sikioni, umati haukai. Mtu aliyelelewa katika uwanja wa namna hiyo hana haja ya kufundishwa kwamba maneno ndiyo yamshikayo mtazamaji baada ya macho kuridhika.

Swali la lugha ya filamu halikuanza jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, lenye makao Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilipigwa kwanza, kisha maneno yakatiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, ili picha moja iweze kusema na watu wa nchi nyingi. Mbinu ile ilikuwa na kasoro, na nia ya wenye mamlaka ilikuwa kufundisha kutoka juu. Hata hivyo walitambua kwamba picha haitoshi bila ya sauti iliyo karibu na msikilizaji. Mwaka 1952 ikatolewa Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ambayo ndani yake alicheza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Filamu ile yahusu mtu wa shamba afikaye mjini, na kichekesho chake chatokana na ugeni wake.

Hapo yafaa kulitazama neno lenyewe. Mshamba, kwa asili yake, ni mtu akaaye shamba. Katika vinywa vya watu wa mjini limekuwa tusi: mtu asiyejua, asiyestaarabika, astahiliye kuchekwa. Neno mkulima halikupatwa na msiba huo, maana linataja kazi, na lile jingine linataja mahali. Filamu za Kiswahili zilirithi tusi hili tangu utoto wake, na swali lililo mbele ya filamu za karibuni ni kama zimelitupa au zingali zikilibeba.

Ya kwanza katika hizo nne ni T-Junction (2017) ya Amil Shivji. Fatima, msichana ambaye baba yake mwenye asili ya Kihindi amefariki, akutana hospitalini na Maria, naye Maria amsimulia habari za watu wa njia panda: wachuuzi na wanyonge waliojenga ujirani mahali ambapo sheria haiwataki. Hii ni hadithi ndani ya hadithi, na mtazamaji wa Bariadi aifuata bila taabu, kwa sababu ni njia ya wazee wake. Kiswahili chake ni cha mtaani, kifupi, chenye mizaha na majina ya kupachikana. Ubora wa filamu hii ni kwamba maskini wake hawasemi kama watu waliofundishwa maneno jana usiku. Kila mmoja asema kama ajuaye alisemalo. Sikio la mgeni hupotewa na neno hapa na pale, lakini halitukanwi.

Ya pili ni Fatuma (2018) ya Jordan Riber. Kwa maudhui, hakuna iliyo karibu zaidi na Simiyu. Yasimulia mama na bintiye Neema, washikao jembe katika nyumba ambamo kazi ni ya wanawake na uamuzi juu ya mavuno ni wa mume. Katika nchi ya pamba habari hii haihitaji mkalimani. Palima mke na wana, panapalilia mke na wana, na siku ya kupima mzigo jina linaloitwa ni la baba. Mtazamaji wa Bariadi huitazama filamu hii kwa kimya kizito, na kimya hicho ni sifa kubwa. Lakini sikio lina shauri lake. Wanakijiji hawa wanena Kiswahili safi kisicho na anwani. Hakuna salamu ya mahali, hakuna methali ya mahali, hakuna neno moja la shambani ambalo ofisini halipo. Kijiji kile chaweza kuwa popote, na kwa hiyo si mahali hasa. Jembe ni la kweli na jasho ni la kweli; maneno yametoka katika kitabu cha semina. Filamu iliyomwondolea mshamba dharau imemwondolea na ulimi wake pia, na hiyo ni hasara iliyofichika ndani ya heshima.

Ya tatu ni Binti (2021) ya Seko Shamte, yenye hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam: deni, kipigo cha mchumba, shauku ya mtoto na mzigo wa malezi. Imetengenezwa kwa uangalifu, na wachezaji wake wanajua kuonyesha uchungu bila kupiga kelele. Kiswahili chake ni cha mjini, cha watu ambao Kiingereza hupita katikati ya maneno yao kama jirani asiyebisha hodi. Ingekuwa uonevu kuidai filamu hii isikike kama Bariadi, kwa kuwa haikusudii kwenda huko. Yasema kwa sauti ya watu wake, na hiyo ndiyo haki yao. Kasoro ipo kwingine. Hadithi nne ndani ya muda mmoja humlazimisha kila mwanamke kueleza hali yake upesi, na mara kwa mara mazungumzo hugeuka kuwa maelezo. Mtu aliyezoea manju mmoja mwenye wimbo mmoja huona kama waimbaji wanne wamepokezana kipaza sauti kabla ya ubeti kwisha.

Ya nne, na iliyo kubwa kuliko zote, ni Vuta N'kuvute (2021), ya Amil Shivji tena, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Filamu hii ilionyeshwa Toronto mwaka ule ule ilipotolewa, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar, ikiwa ya pili kupelekwa baada ya Maangamizi iliyotolewa mwaka 2001. Ni habari ya Yasmin, msichana wa Kihindi aikimbiaye ndoa na mzee, na ya Denge, kijana apiganiaye uhuru katika Unguja ya miaka ya 1950. Picha zake ni za uzuri usio na mfano katika filamu za nchi hii: kuta, vivuli, maji, nguo. Kiswahili chake ni cha Unguja, na hapa lugha ina anwani yake kamili. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtazamaji wa bara, ambaye ingedhaniwa atajiona mgeni, hajioni hivyo. Kiunguja kilichonenwa na Waunguja humfikia kama wimbo wa kikundi cha upande wa pili: si wake, lakini aujua kuwa ni wimbo. Pungufu lake ni kwamba uzuri wa picha umeyabana maneno. Riwaya ya Shafi yaishi kwa mazungumzo, kwa ubishi na kwa maneno makali ya watu wa Ng'ambo. Filamu imependa ukimya, na Denge, ambaye katika kitabu ni mtu wa hoja, katika filamu amekuwa zaidi mtu wa sura.

Kutokana na filamu hizi nne yatokea jambo moja. Pale lugha ilipokuwa na mahali, hata pakiwa mbali, msikilizaji alikaribishwa. Pale lugha ilipokosa mahali, msikilizaji alibaki mlangoni, hata kama habari ilikuwa yake mwenyewe.

Kwa nini basi Kiswahili cha bara hakipewi mahali? Sababu moja ni tusi lililokwisha kutajwa. Katika vichekesho vingi vilivyouzwa kwa kanda na sahani, matamshi ya Kisukuma yalitumika kuwa alama ya ujinga: mchezaji afungua kinywa, na watu wacheka kabla hajamaliza sentensi. Mfano wa upande wa pili ni Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kufariki mwaka 2012. Hapana mchezaji wa filamu za Kiswahili aliyependwa kumpita, na mapenzi hayo yalikuwa makubwa kwao. Lakini katika filamu zake aghalabu alikuwa bwana wa mjini mwenye gari na nyumba ya ghorofa, na nyingi za filamu hizo zilibeba majina ya Kiingereza. Mtoto wa Shinyanga alifika kileleni kwa sauti isiyo ya Shinyanga. Hilo si kosa lake. Ndiyo ngazi aliyoikuta.

Wakati wasanii wa filamu wakisita, watu wa vibandani walikwisha kulijibu swali. Watafsiri wa filamu za kigeni, ambao Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu, alikuwa mashuhuri miongoni mwao, walizifasiri filamu za China, India na Marekani kwa Kiswahili cha papo kwa papo. Wakaongeza mizaha, wakawapa wageni majina ya kwetu, wakaeleza yasiyoelezeka. Wataalamu wa sanifu waweza kuona dosari nyingi katika kazi yao. Lakini mfasiri yule amjua msikilizaji wake, naye kwa ujuzi huo amefanya Hong Kong isikike karibu zaidi na Bariadi kuliko kijiji cha Fatuma.

Huenda pakawa na pingamizi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati tangu mwaka 1930 ili kuunganisha nchi hizi. Je, kuyaruhusu matamshi ya kila kabila hakutaleta utengano? Pingamizi hili lachanganya mambo mawili. Kosa la sarufi ni kosa, na mwandishi wa filamu apaswa kulijua. Lafudhi ni jambo jingine: ni alama ya safari ya mnenaji, na taifa lililokwisha kuungana halina sababu ya kuiogopa. Mzee wa Itilima akiamkia kwa mwangaluka na kuendelea kwa Kiswahili cha kwao kizito, hakubomoa lugha ya taifa. Ameonyesha ilikofika.

Yafaa pia kutazama maandishi ya tafsiri yawekwayo chini ya picha. Vuta N'kuvute yasomeka kwa Kiingereza ili mgeni wa Toronto asipotee, na huo ni ukarimu mwema. Ukarimu huo huo waweza kuelekezwa ndani: mhusika anene Kisukuma pale moyo wake unapodai Kisukuma, na maandishi ya Kiswahili yamfasirie mtazamaji wa Tanga. Kazi hiyo ni ndogo kwa gharama, na faida yake kwa lugha zote mbili ni kubwa.

Hukumu ya mtazamaji wa Bariadi, kwa muhtasari, ni hii. Kwa picha, Vuta N'kuvute yashika nafasi ya kwanza. Kwa maneno, T-Junction. Kwa mambo yamhusuyo nyumbani kwake, Fatuma, ambayo ingekuwa ya kwanza kwa yote kama watu wake wangeruhusiwa kusema kama wakulima. Binti imetimiza ilichokusudia kwa watu iliowakusudia. Nafasi ya tano yangali tupu. Yaingoja filamu ambayo ndani yake mtu wa bara ataingia, atasalimu kwa lafudhi yake, na ukumbi wa Dar es Salaam utanyamaza ili usikie alilojia.